Kutofautisha magonjwa ya kongosho kwa vipimo vya picha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mgonjwa aliyeshika ripoti asiyoielewa, ndugu anayemsindikiza, na mhudumu wa afya anayejaza fomu ya kuomba kipimo. Magonjwa ya kongosho yanafanana sana kwa dalili: maumivu ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, kukonda, macho ya njano, sukari iliyopanda ghafla. Picha ndiyo inayoyatenganisha, lakini kwa sharti kwamba imepigwa kwa kulilenga kongosho.

Altrasaundi imesema "kongosho halikuonekana vizuri". Nielewe nini?

Elewa kwamba kongosho halijapimwa. Wengi huisoma sentensi hiyo kama habari njema, na hapo ndipo miezi inapopotea.

Kongosho limelala nyuma ya mfuko wa chakula, mbele ya uti wa mgongo. Kichwa chake kimezungukwa na duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba) upande wa kulia, na mkia wake unakaribia bandama upande wa kushoto. Mbele yake imetanda gesi ya mfuko wa chakula na ya utumbo mpana, na mawimbi ya sauti hayapenyi gesi. Mkia ndio unaofichika zaidi.

Nafasi ya kuliona huongezeka ukija bila kula kwa saa 6 hadi 8, bila soda, bila bigijii na bila sigara asubuhi hiyo, maana vyote hivyo huingiza hewa tumboni. Mpimaji makini hujaribu pia kumpa mgonjwa kama nusu lita ya maji, husubiri viputo vitulie, kisha humpima akiwa amekaa au amelalia ubavu wa kulia, ili mawimbi yapite kwenye maji badala ya gesi. Ikishindikana na dalili zipo, kinachofuata ni CT, yaani picha za vipande vya mwili zinazopigwa kwa eksirei na kompyuta, si kurudia altrasaundi ileile mwezi ujao.

Hata hivyo altrasaundi inabaki kipimo cha kwanza. Haina mionzi, huyaona mawe ya mfuko wa nyongo vizuri kuliko CT, na hupima upana wa mrija wa nyongo papo hapo. Kwa watoto, mara nyingine humwonyesha mnyoo wa askarisi akijongea ndani ya mrija, na hiyo ni sababu ya kuvimba kwa kongosho ambayo mara nyingi haihitaji kisu.

CT ya kongosho ina tofauti gani na CT ya tumbo ya kawaida?

Tofauti ni sekunde. CT ya kawaida ya tumbo hupigwa mara moja, takriban sekunde 70 baada ya dawa ya kontrasti, inayong'arisha viungo kwenye picha, kuanza kuingia mshipani. Wakati huo ini ndilo linalong'aa vizuri. Kongosho hung'aa zaidi mapema, kati ya sekunde 40 na 50. Kwa hiyo CT ya kongosho hupigwa mara mbili: awamu ya kwanza kwenye sekunde hizo 40 hadi 50, na ya pili kwenye sekunde 65 hadi 70 kwa ajili ya ini na mishipa ya vena.

Ugunduzi wote umejengwa juu ya pengo hilo dogo. Saratani ya kawaida ya kongosho, inayoanzia kwenye kuta za mfereji, imejaa nyuzinyuzi ngumu na ina mishipa michache ya damu, hivyo katika awamu ya kwanza hubaki na weusi huku kongosho zima likiwaka pembeni yake. Uvimbe wa seli zinazotoa homoni ni kinyume chake: una damu nyingi, huwaka kuliko kongosho katika awamu ya kwanza, halafu ukafifia. Insulinoma, yaani uvimbe unaotoa insulini, ambayo kwa kawaida haifikii sentimita 2, inaweza kuonekana wazi kwenye sekunde ya 45 na kutoweka kabisa kwenye ya 70.

Vipimo vya kazi yenyewe ni hivi: kanula ya geji 18 au 20 kwenye mshipa wa kiwiko, kontrasti kiasi cha mililita 1.5 kwa kila kilo ya uzito (mgonjwa wa kilo 70 hupata takriban mililita 105) ikisukumwa na mashine kwa mililita 4 hadi 5 kwa sekunde. Vipande vya picha visivyozidi unene wa milimita 3, na vya milimita 1 ni bora. Mgonjwa hunywa maji matupu kabla, nusu lita hadi lita moja. Asipewe dawa nyeupe ya kunywa, kwa sababu huficha ukuta wa duodeni na vijiwe vilivyo mwishoni mwa mrija wa nyongo. Picha chache kabla ya kontrasti husaidia kuona chokaa na damu iliyovuja.

Kinachoharibu mara nyingi ni kanula. Kanula nyembamba ya geji 22 au 24 iliyowekwa nyuma ya kiganja haihimili kasi hiyo, dawa inaingia polepole, na tofauti kati ya uvimbe na kongosho inafutika. Kosa la pili ni fomu iliyoandikwa "CT tumbo" tu. Fundi atapiga alichoombwa. Andika: "CT ya kongosho, awamu mbili, macho ya njano wiki 3, mrija wa nyongo umetanuka, je, kuna uvimbe kwenye kichwa?" Kosa la tatu ni kusahau mwenye moyo dhaifu: kwa mgonjwa huyo dawa huchelewa kufika, kwa hiyo ni heri mashine iachwe ifuatilie dawa inapofika kwenye aota (ateri kuu ya mwili) kuliko kuhesabu sekunde kwa saa.

Figo, metformini (dawa ya kisukari), mzio: nani atoe taarifa mapema?

Yeyote mwenye ugonjwa wa figo, kisukari, pumu au aliyewahi kupata mzio wa kontrasti, na mwanamke anayeweza kuwa mjamzito. Pima kreatinini, kipimo cha damu cha figo, kabla. Uchujaji wa figo (eGFR) ukiwa chini ya 30, metformini husimamishwa siku ya kipimo na kwa saa 48 baadaye, na irudishwe baada ya figo kupimwa tena. Mgonjwa aliyeharisha au kutapika arudishiwe maji kwanza.

Daktari wa radiolojia huanza kuangalia nini?

Mfereji mkuu wa kongosho. Uvimbe unaweza kujificha, mfereji hauwezi. Kwa mtu mzima mwenye afya una upana wa takriban milimita 3 kichwani, 2 kiwiliwilini na 1 mkiani, nao hupungua taratibu bila kukatika.

Mfereji uliotanuka kutoka mkiani kisha ukakatika ghafla ni saratani mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata kama uvimbe wenyewe hauonekani. Hilo si jambo la nadharia: takriban saratani 1 kati ya 10 za kongosho hung'aa sawasawa na nyama inayoizunguka, na mfereji uliokatika ndio ushahidi pekee. Ikiwa mrija wa nyongo nao umetanuka na yote miwili inakatika sehemu moja kichwani, shaka huongezeka. Nyama ya kongosho iliyo nyuma ya kizuizi ikiwa imesinyaa, huo ni ushahidi wa tatu.

Mfereji wenye mapana na mabana yanayofuatana, wenye vijiwe ndani, huelekeza kwenye uvimbe sugu wa kongosho, yaani kongosho lililovimba kwa muda mrefu. Mfereji mwembamba kwa urefu mkubwa bila kutanuka nyuma yake huelekeza kwenye ugonjwa wa kinga, ambapo kinga ya mwili hulishambulia kongosho lenyewe. Mfereji unaopita katikati ya uvimbe ukiwa wazi, bila kuzibwa, ni dalili nzuri: uvimbe unaotokana na kuvimba huuacha upite, saratani huukaba.

Nina uvimbe sugu wa kongosho, sasa ripoti inasema kuna "uvimbe kichwani". Ni saratani?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote humu, kwa sababu uvimbe sugu huleta nyuzinyuzi zilezile zinazoifanya saratani ibaki na weusi, na wenye uvimbe sugu wana hatari kubwa zaidi ya saratani kuliko watu wengine.

Vijiwe vilivyotawanyika ndani ya uvimbe na mfereji unaopita humo huelekeza kwenye kuvimba. Vijiwe vilivyosukumwa pembeni na uvimbe mpya, mfereji mpana ndani ya nyama iliyosinyaa sana, na mishipa ya damu iliyozingirwa huelekeza kwenye saratani. Picha za zamani hapa zina thamani kubwa kuliko kipimo kipya cha bei ghali: uvimbe uleule kwa miaka 3 ni habari tofauti kabisa na uvimbe ambao mwaka jana haukuwepo.

Pale picha zinapogongana, altrasaundi ya ndani, yaani EUS, huingizwa kwa endoskopi hadi duodeni na kuchukua kinyama kwa sindano ya geji 22 au 25. Ipo siri moja ambayo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha: kinyama kilichorudi bila seli za saratani hakiondoi saratani. Sindano inaweza kuangukia kwenye nyuzinyuzi tupu. Picha ikiendelea kutia shaka, sindano hurudiwa, au timu ya upasuaji huamua bila kuisubiri.

Saratani ikithibitika, CT ileile ya awamu mbili ndiyo inayosema kama kisu kinawezekana. Hupimwa ni kwa kiasi gani uvimbe umeugusa mzingo wa ateri ya mesenteri ya juu na shina la siliaki, mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye viungo vya tumbo. Ukizidi nyuzi 180, yaani nusu ya mzingo, kwa kawaida upasuaji hauwi hatua ya kwanza.

Inawezekana ni kifua kikuu?

Inawezekana. Kifua kikuu cha kongosho ni nadra hata katika nchi zetu zenye TB nyingi, lakini wapo watu waliopasuliwa kwa saratani ambayo haikuwepo. Ifikirie TB hasa mgonjwa akiwa kijana, ana homa za jioni na jasho la usiku, au anaishi na VVU na kinga imeshuka.

Kwenye CT, uvimbe wa TB huwa na kitovu cheusi cha tishu iliyokufa na ukingo unaong'aa, na matezi ya limfu yanayozunguka kongosho na mlango wa ini yana sura hiyohiyo. Mrija wa nyongo na mfereji wa kongosho mara nyingi havijatanuka licha ya uvimbe kuwa mkubwa, jambo lisilo la kawaida kwa saratani. Tazama pia makutano ya utumbo mwembamba na mpana, majimaji tumboni, na vijipu vidogo kwenye ini na bandama. Eksirei ya kifua inaweza kuwa safi kabisa, na hiyo isikutoe kwenye njia. PET, picha inayoonyesha seli zinazotumia sukari nyingi, nayo haitenganishi: TB na saratani zote huwaka.

Jibu liko kwenye sindano, na hapa ndipo kazi nzuri huharibikia maabara. Sampuli yote ikitumbukizwa kwenye fomalini, bakteria wanakufa na kuotesha hakuwezekani tena. Gawa tangu chumba cha kipimo: sehemu moja kwenye fomalini kwa ajili ya patholojia, nyingine kwenye maji safi ya chumvi yasiyo na vijidudu kwa ajili ya GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya TB) na kuotesha. Andika kwenye fomu neno "TB". Maabara isiyoulizwa haitatafuta.

Limfoma pia hufanana na hali hii: uvimbe mkubwa wa rangi moja, mfereji haujatanuka, mishipa imezingirwa bila kubanwa, na matezi yameenea hadi chini ya usawa wa mishipa ya figo. Nayo hutibiwa kwa dawa, si kwa kukata kongosho.

Ugonjwa wa kinga unaoshambulia kongosho unatambulikaje?

Kongosho hunenepa lote, mikunjo yake ya pembeni hupotea, na huzungukwa na utando mwembamba mweusi. Kipimo cha IgG4, aina ya kingamwili, kwenye damu husaidia, ingawa baadhi ya wagonjwa huwa nacho cha kawaida, na saratani chache hukipandisha kidogo. Angalia na figo, tezi za mate na mirija ya nyongo ndani ya ini, maana ugonjwa huu mara nyingi haukai kiungo kimoja.

Prednisoloni, dawa ya steroidi, huuyeyusha kwa namna ya kushangaza, na picha ya kulinganisha baada ya wiki 2 huonyesha mabadiliko. Lakini kamwe isitumike kama jaribio la kubahatisha kwa mtu ambaye saratani na TB hazijaondolewa. Kwa mwenye TB, dawa hiyo huachia ugonjwa usambae.

Nimelazwa na kongosho lililovimba ghafla. Mbona sijapigwa CT siku ya kwanza?

Kwa sababu huenda huihitaji. Utambuzi unahitaji mambo 2 kati ya 3: maumivu yake halisi, lipesi au amilesi (vimeng'enya vya kongosho kwenye damu) iliyopanda mara 3 au zaidi ya kiwango cha juu cha kawaida, na picha. Ukiwa na mawili ya kwanza, ugonjwa umejulikana. Altrasaundi hufanywa kutafuta mawe ya nyongo, na inatosha kwa siku hiyo.

CT ya mapema pia hudanganya. Tishu zinazokufa hazionekani vizuri siku ya kwanza, na ripoti ikisema "si kali" wodi nzima hulegea. Muda mzuri ni baada ya saa 72 hadi 96, kwa mgonjwa ambaye hapati nafuu. CT ya siku ya kwanza inafaa pale utambuzi wenyewe una shaka, kwa mfano inapohofiwa kwamba kidonda cha tumbo kimetoboka.

Majimaji yanayobaki hupewa majina kulingana na wiki 4 za mwongozo wa Atlanta, unaoainisha kuvimba kwa ghafla kwa kongosho, uliorekebishwa 2012. Baada ya wiki 4, majimaji matupu yaliyozungushiwa ukuta huitwa kifuko bandia. Yenye vipande vya tishu iliyokufa ndani yana jina lake na tiba yake, kwani mrija mwembamba hauvitoi vipande. CT huvikosa mara nyingi vipande hivyo, MRI (picha zinazopigwa kwa sumaku) na EUS huviona. Viputo vya gesi ndani ya majimaji hayo huashiria maambukizi. Daktari apigiwe simu, asisubiri ripoti ya kuchapwa.

Vifuko vya maji kwenye kongosho: kipi cha kuogopa?

Anza na historia. Kama hujawahi kuvimba kongosho, kuumia tumbo wala kunywa pombe kwa wingi, usikubali kirahisi jina la "kifuko bandia".

Kifuko chenye vijishimo vingi vidogo kama sega la nyuki, chenye kovu la chokaa katikati, kwa mwanamke wa miaka 60 na zaidi, kwa kawaida si hatari na huachwa. Kifuko kimoja kikubwa kiwiliwilini au mkiani kwa mwanamke wa miaka 40 hadi 50, kisichoungana na mfereji, huwa na ute na mara nyingi hushauriwa kuondolewa. Msichana mwenye uvimbe mchanganyiko wa nyama, maji na damu huenda ana uvimbe ambao upasuaji humponya kwa kiasi kikubwa.

Vinavyoungana na mfereji hufuatiliwa kwa vipimo: mfereji mkuu wa milimita 10 au zaidi, au kinundu cha milimita 5 au zaidi kinachong'aa kwa kontrasti, ni sababu ya kuonana na daktari wa upasuaji. Mfereji wa milimita 5 hadi 9, au kifuko cha sentimita 3 na zaidi, huhitaji EUS. Kifuko cha milimita 6 kilichoonekana kwa bahati kwa mzee wa miaka 75 ni jambo la kawaida.

Kwa wanaotoka maeneo ya wafugaji kama Turkana, kifuko cha tegu wa mbwa kifikiriwe, ingawa kwenye kongosho ni nadra. Usikichome sindano kabla ya kulifikiria hilo. Majimaji yake yakivuja yanaweza kuleta mshtuko wa mzio.

MRI inaongeza nini?

MRCP, yaani MRI ya mirija, huchora mfereji na mrija wa nyongo bila kontrasti ya mshipani na bila mionzi. Ndiyo bora kwa kuona kama kifuko kinaungana na mfereji. Mgonjwa hufunga saa 4 hadi 6. Maji yaliyomo kwenye mfuko wa chakula na duodeni huwaka na kufunika mirija, kwa hiyo vituo vingi humpa mgonjwa juisi ya nanasi dakika chache kabla: manganizi iliyomo huuzima mng'ao huo. Udhaifu wa MRI ni chokaa, ambayo CT huiona vizuri zaidi.

Kijana wa miaka 20, hanywi pombe, ana kisukari na mawe makubwa kwenye kongosho. Ni nini?

Upo uvimbe sugu wa kongosho wa nchi za joto, ulioelezwa Indonesia, kusini mwa India na Afrika, Uganda ikiwemo. Mawe huwa makubwa, yamejaa ndani ya mfereji uliopanuka sana, na mara nyingi eksirei ya kawaida ya tumbo huyaonyesha mbele ya uti wa mgongo. Eksirei hiyo moja inafaa kwa kila kijana mwembamba mwenye kisukari na maumivu ya tumbo ya muda mrefu. Wagonjwa hawa pia hupata saratani kuliko wengine, hivyo maumivu yaliyobadilika au macho ya njano ni sababu ya CT mpya.

Macho ni ya njano. Niwekewe mrija wa kupitisha nyongo kwanza au nipigwe CT kwanza?

CT au MRI kwanza, isipokuwa kuna homa na maambukizi ya mirija ya nyongo yasiyoweza kungoja. Mrija uliowekwa kwa ERCP, yaani endoskopi inayoingia kwenye mrija wa nyongo, huchafua picha, hupunguza utanuko uliokuwa ushahidi, na utaratibu wenyewe unaweza kuvimbisha kongosho, kisha haijulikani kipi ni ugonjwa na kipi kimeletwa na mkono. Usitegemee CA 19-9, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani, wakati huo pia: kuziba kokote kwa nyongo huipandisha, na kuna watu ambao miili yao haiitengenezi kabisa.

Ni vitu gani hudhaniwa saratani na si saratani?

Mafuta yaliyojikusanya upande wa mbele wa kichwa cha kongosho. MRI huyatambua kwa dakika chache. Kipande cha bandama kilichozaliwa ndani ya mkia. Hung'aa sawa na bandama katika kila awamu. Na uvimbe uliosafiri kutoka saratani ya figo iliyoondolewa hata miaka 10 iliyopita, ambao huwaka kama uvimbe wa homoni. Huo ni saratani, ila si ya kongosho, kwa hiyo mtajie daktari upasuaji wowote wa zamani.

Niende na nini hospitali ya rufaa?

CD au flashi yenye faili za DICOM (picha halisi kama zilivyotoka kwenye mashine) za picha zote, za zamani na mpya, pamoja na ripoti zake. Filamu zilizopigwa picha kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp hazitoshi, kwani milimita haziwezi kupimwa humo wala awamu kulinganishwa. Kabla hujaondoka kituoni, omba faili zifunguliwe kwenye kompyuta nyingine uone kama awamu zote zimo. Ongeza majibu ya lipesi, bilirubini, kreatinini, sukari na VVU yakiwa na tarehe, na karatasi yenye orodha ya dawa unazotumia.